Mtani Aliyeshuka Jumanne

Mzee Mansuri Kibwana hakutazama filamu kama watu wengine wanavyotazama. Aliisimamia. Alivuta kiti mpaka hatua mbili kutoka kwenye televisheni, akavaa miwani, akalaza bakora juu ya mapaja, na tangu filamu ianze mpaka iishe alikuwa anasahihisha. Kwa miaka ishirini na sita alilinda geti la kiwanda cha silaha kule Mzinga, na katika miaka hiyo hiyo alihudhuria masomo ya jioni ya watu wazima mpaka akapata cheti cha kidato cha nne akiwa tayari na mvi. Kwa hiyo alijiona mtu asiyeweza kudanganywa kwa mambo mawili, silaha na hadithi.

"Hesabu mwenyewe, mama Mosi," alimwambia mkewe Pili, aliyekuwa anachambua mchele mkekani. "Bastola ile inabeba risasi nane. Huyu bwana amefyatua kumi na tisa na hajabadili magazini."

"Labda anazo nyingine mfukoni."

"Za mfukoni zinaingiaje kwenye bastola? Kwa dua?"

Pili akacheka, akaendelea na mchele wake.

Filamu zililetwa na mtoto wao wa pekee, Mosi, fundi simu mwenye kibanda pale Msamvu. Kila Jumapili alifika nyumbani kwao Bigwa na flashi yenye filamu tano au sita, zote zimetafsiriwa kwa Kiswahili na kijana mmoja ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ya jambazi, ya mke wa jambazi, ya mtoto mchanga na ya mbwa. Mzee Mansuri aliona kwamba kijana yule alikuwa na kipaji lakini hakuwa na nidhamu. Katikati ya mazungumzo ya mpelelezi na waziri alipenda kuchomeka salamu kwa mashabiki wake wa Kihonda.

Wiki ile alikuwa ametazama tatu, na kila moja alikuwa ameitolea hukumu. Ya kwanza ilikuwa ya bomu ndani ya treni. Aliipa alama nne kwa kumi, kwa sababu mtega bomu mwenye akili hawezi kuliwekea saa yenye namba nyekundu ili abiria wajue wamebakiwa na dakika ngapi. Ya pili, ya mpelelezi wa kike na maiti saba msituni, aliipa saba. Angeipa nane, ila mama yule alisikia mtu anatembea darini akapanda peke yake, tena bila tochi. Ya tatu ilikuwa ya muuaji mstaafu aliyejificha kijijini akifuga kondoo. Rafiki yake alimpigia simu kumwambia kwamba wanakuja kumuua, na yeye akabaki anakunywa kahawa.

Hiyo ilimuudhi kuliko zote.

"Ameonywa!" alisema huku akiigonga sakafu kwa bakora. "Mtu anakupigia simu sauti inatetemeka, anakwambia toka humo ndani, halafu jasho linamtoka, halafu simu inakatika. Nini zaidi unataka? Uletewe barua yenye muhuri?"

"Angeondoka filamu ingeishia hapo," alisema Mosi. Alikuwa amekuja siku hiyo, Jumanne, kwa sababu ya shughuli ya keshokutwa.

"Basi na iishe. Mimi onyo nalijua nikiliona."

Shughuli ya keshokutwa ilikuwa hii. Huko juu milimani, kitongoji cha Mhangale, Mzee Mansuri alikuwa na shamba la mikarafuu alilolipanda kwa mkono wake miaka thelathini iliyopita. Kwa desturi ya Waluguru, miti ni ya aliyeipanda, lakini ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Siku Mansuri angefumba macho, shamba lingekwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake Mwanvita, na Mosi asingekuwa na haki hata ya kuokota karafuu iliyoanguka. Mzee Mansuri hakuikubali desturi hiyo. Alikuwa amesoma sheria ya ardhi ya vijiji kifungu kwa kifungu, akaomba hatimiliki ya kimila kwa jina la Mosi, akajibu pingamizi mbele ya mkutano wa kijiji, akashinda. Alhamisi wapimaji wangepanda kuweka alama za mipaka.

Mpwa wake mkubwa, Hatibu, ndiye aliyeweka pingamizi. Aliposhindwa hakupiga kelele. Alikunja karatasi zake, akamwamkia mjomba wake, "Shikamoo, mjomba," akaondoka. Mzee Mansuri aliliona hilo kuwa ni dalili ya mtu aliyeelewa hoja.

Filamu ya kondoo ilikuwa bado haijaisha waliposikia mtu anabisha hodi kwa kupiga mlango teke.

"Humu ndani mnaishi watu au mnafuga nguruwe?"

"Nguruwe ni wenu nyie wa huko misheni," Mzee Mansuri alijibu bila kugeuka. "Pita, mwizi. Mama Mosi, ficha sufuria."

Aliyeingia ni Lukasi, mkulima wa mboga wa Mhangale, mwenye kiroba cha karoti begani na matope ya njia nzima kwenye viatu. Ukoo wake na ukoo wa Mansuri walikuwa watani tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Walitukanana walipokutana na walitukanana walipoagana, na katika miaka arobaini hakuna mmoja aliyewahi kumwambia mwenzake neno moja la heshima mbele za watu. Shamba la Lukasi lilipakana kwa chini na shamba la mikarafuu. Kwa juu lilipakana na la Hatibu.

"Shikamoo, mzee Lukasi," alisema Mosi akiinuka kumpokea kiroba.

"Marahaba. Mrefu wewe! Hebu simama hapo." Lukasi alivua kofia, akamzunguka Mosi akimtazama kutoka unyayoni hadi utosini, akaanza kumpima kwa shubiri mgongoni. "Moja, mbili, tatu... Mansuri, mtoto huyu ulimzaa wa nini? Shimo lake litachosha watu."

"Unampima suti?" aliuliza Mansuri.

"Nampima shimo. Na wewe nitakupima. Alhamisi msipande. Mkipanda, mimi ndiye nitakayewachimbia, na mimi mgongo wangu umekwisha."

Pili alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mzee Mansuri akanyoosha miguu yake mbele, akaijaribu kwa bakora.

"Pima basi vizuri, na unene. Nyie wa ukoo wenu mkichimba kaburi maiti anakaa kitako."

"Msipande," alisema Lukasi. "Wewe wala huyu twiga wako. Nimeshasikia harufu ya ubani huko juu."

"Umesikia harufu yako mwenyewe. Oga!"

Wote wakacheka, na Lukasi naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha siku zote, kikavu kama mtu anayekohoa moshi. Akapewa chai. Hakuketi kuinywa. Aliinywa akiwa amesimama karibu na mlango, huku anatazama barabarani. Mzee Mansuri alirudi kwenye filamu yake, akaanza kumweleza kosa la yule mfuga kondoo, jinsi alivyoambiwa waziwazi na bado akakaa.

"Hakuelewa?" Lukasi aliuliza.

"Alielewa. Mwandishi ndiye mjinga."

Lukasi aliweka kikombe juu ya televisheni, jambo lililomkera mwenye nyumba. Mlangoni aligeuka. "Mansuri. Msipande."

"Na wewe usishuke," alijibu Mansuri. "Ukishuka tena uje na karoti zisizo na minyoo."

Lukasi alisimama kidogo, mkono kwenye mwimo wa mlango, kama mtu aliyesahau kitu. Halafu akatoka.

*

Alhamisi goti la Mzee Mansuri lilivimba kwa sababu ya mvua. Wakakubaliana kwamba Mosi atangulie alfajiri kufyeka mpakani ili wapimaji waone njia, na mzee awasubiri wapimaji barabarani apande nao gari mpaka linapoishia. Mosi aliondoka na panga lake na chupa ya chai. Alivaa koti la mvua la baba yake.

Wapimaji walichelewa. Kutoka gari lilipoishia, Mzee Mansuri na mabwana wawili wa halmashauri walipanda kwa mguu kwa saa nzima, yeye akiwaeleza kwa urefu tofauti ya hatimiliki ya kimila na ile ya mjini, ingawa wao ndio waliokuwa wanaitoa. Ukungu ulikuwa umeshika miti. Walipofika ukingo wa shamba aliita, "Mosi!" Akaita tena. Kipande cha mpaka kilikuwa kimefyekwa vizuri, kama hatua arobaini, kisha ufyekaji ukakatika.

Walimkuta kijitoni, kifudifudi, nusu majini. Alikuwa amekatwa kwa nyuma, mara nyingi, na mtu zaidi ya mmoja. Panga lake mwenyewe lilikuwa bado limechomekwa kwenye kisiki pale alipoishia, maana yake hata hakuwa amelishika.

Alikuwa bado anapumua.

Walitengeneza machela kwa miti miwili na koti lile la mvua. Watu wa kitongoji waliokuja kusaidia walibeba kwa zamu, wakateremka kwa kuteleza, matope hadi magotini. Mzee Mansuri alishika mkono wa mwanawe uliokuwa unaning'inia, akateremka ubavuni, goti lake halimuumi tena. Aliinamisha sikio mara kwa mara. Katika filamu zote alizowahi kutazama, hata zile za alama tatu, mtu anayekufa husema neno. Husema jina, au husema samehe, au humtaja aliyemuua. Mosi hakusema chochote. Alitoa sauti kama ya maji yanayopita kwenye mrija mwembamba, na walipofika kwenye daraja la miti sauti ile ikakoma, na waliobeba hawakujua, wakaendelea kubeba.

*

Polisi walimkamata Hatibu siku ile ile pamoja na vijana wawili wa karibu yake. Hatibu alisema asubuhi yote alikuwa kwa mama yake anaanika pilipili manga. Mwanvita, dada wa damu wa Mzee Mansuri, alithibitisha. Mapanga yao yalikutwa safi, lakini panga la mkulima yeyote likioshwa huwa safi.

Mosi alizikwa Jumamosi, Bigwa, baada ya maiti kutoka hospitali. Watani walishuka kutoka Mhangale kwa miguu kutimiza wajibu wao, kwa sababu msiba usio na watani haujakamilika, na kazi ya mtani msibani ni kumtania marehemu mpaka wafiwa wapate kupumua. Wajumbe wao wakuu walikuwa Lukasi na dada yake Editha.

Editha alikuwa hodari. Jeneza lilipotoka ndani alijilaza kizingitini akasema hapiti mtu mpaka alipwe ushuru wa urefu. Waliposogea alikimbia mbele, akatoa simu yake kifuani, akaibonyeza, akaiweka sikioni.

"Jamani, fundi simu gani huyu? Tunampigia hapokei!"

Kina mama wakapasuka kicheko na kilio kwa pamoja, Pili akiwa katikati yao, mdomo wazi, hajui ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomtoka. Hata shehe alitazama chini akatabasamu. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mzee Mansuri alimtafuta Lukasi kwa macho, akitarajia zamu yake. Lukasi alikuwa amekaa peke yake juu ya tofali kwenye kona ya uzio, mikono katikati ya magoti, kofia imeshuka usoni. Hakutania wakati jeneza linatoka. Hakutania makaburini, mahali ambapo mtani mwanamume hutakiwa kurukia kaburi na kulidai kuwa lake. Alishika jembe, akafukia kama watu wengine, akaweka jembe chini.

Watu walipotawanyika Mzee Mansuri alimwendea. Alikuwa na hasira, na ilimsaidia kuwa nayo.

"Mbona hunitanii mwanangu?"

Lukasi hakuinua uso. "Nilimaliza Jumanne," alisema.

Mzee Mansuri alikaa chini, pale pale kwenye udongo mbichi, na kanzu yake nyeupe. Ilimchukua muda. Shubiri mgongoni. Mrefu wewe. Mimi ndiye nitakayewachimbia.

"Ulijua?"

"Niliwasikia Jumatatu. Walikuwa wamekaa kwenye mpaka wangu wanagawana kazi, nani asimame wapi. Hawakuniona. Nilikuwa nimeinama kwenye karoti."

"Ukaja kunitania!"

"Nilikuja kukwambia."

"Ulicheka, Lukasi! Mtu gani anacheka?"

"Mimi nalala hatua mia kutoka kwa Hatibu," alisema Lukasi. "Wanangu wanachota maji kwake. Ningekuita pembeni nikakwambia, wewe ungefanya nini? Ungekwenda na vifungu vyako kwa mwenyekiti, ungesema Lukasi ndiye shahidi wangu. Si ungesema?"

Angesema, na Mzee Mansuri alilijua hilo.

"Nikitania hakuna anayeweza kunishika. Mtani anasema lolote. Nikajua mtani mwenzangu atasikia, maana mtani akirudia neno mara tatu halirudii bure. Nimelirudia mara tatu, Mansuri. Mlangoni sikukutukana. Lini mimi nimetoka kwako bila kukutukana?"

*

Jumanne iliyofuata Mzee Mansuri alivaa shati la mikono mirefu, akaenda kituo cha polisi. Afande aliyekuwa na jalada alikuwa mtu mpole, Msukuma, aliyemkaribisha kwenye benchi na kumwita mzee wangu. Alimweleza ukweli. Siku za kumshikilia Hatibu zilikuwa zinakwisha. Hakuna aliyeona. Hakuna nguo yenye damu. Kuna ugomvi wa ardhi, lakini nusu ya wilaya ina ugomvi wa ardhi.

"Kama kungekuwa na mtu aliyewasikia wakipanga," alisema afande. "Mmoja tu."

"Yupo," alisema Mzee Mansuri.

Akaeleza, na afande akaandika mistari mitatu, minne. Kisha kalamu ikapunguza mwendo.

"Subiri, mzee wangu. Alisema hivi: shimo lake litachosha watu?"

"Ndiyo."

"Na nyinyi mkacheka."

"Tulicheka."

"Na yeye akacheka. Na ni mtani wako." Afande aliweka kalamu mezani. "Mzee, mimi nina watani wangu Wazaramo. Wananizika kila mwezi. Hili nikilipeleka mahakamani, wakili wa Hatibu atalisoma kwa sauti na hakimu mwenyewe atacheka. Mpaka aseme yeye kwa mdomo wake kwamba aliwasikia. Nimuite?"

Mzee Mansuri alisema muite.

Lukasi alifika saa nane mchana, na kofia mkononi. Alikaa kwenye benchi lile lile, nafasi ya mtu mmoja ikiwa imebaki kati yao. Afande alimsomea maelezo yote polepole. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na nje, kivulini kwa ukuta, alikuwa amechuchumaa mdogo wake Hatibu, mwanamume mwenye ndevu, amekuja kuleta chakula cha mahabusu. Alikuwa ameshika hotipoti kwa mikono miwili na alikuwa anatazama ndani, kwa utulivu, kama mtu anayetazama televisheni ya jirani.

"Je, ni kweli uliwasikia?" afande aliuliza.

Lukasi alitazama dirishani, kisha akatazama kofia yake.

"Ulikuwa utani, afande."

"Na hiyo Alhamisi uliitoa wapi?"

"Ilikuja tu mdomoni. Ningeweza kusema Ijumaa. Sisi na hawa ni watani."

Afande alimgeukia Mzee Mansuri. Alimwambia kwamba maelezo ya watu wawili yanapingana, na kama mzee anashikilia kwamba mtani wake alikiri makaburini, basi yeye atalazimika kumweka ndani Lukasi kwa siku mbili tatu amhoji vizuri, na huenda akasema.

Mzee Mansuri alijua angesema. Lukasi hakuwa mtu wa kuhimili kuhojiwa, hata kudanganya bei ya karoti hakuweza. Angesema, na Hatibu angebaki ndani, na damu ya Mosi ingeandikwa jina. Kisha Lukasi angetoka, apande Mhangale, apite kwenye mpaka ule kila asubuhi, yeye na wale watoto wanaochota maji. Na mdogo wake Hatibu, yule mwenye hotipoti, angekuwa nje, maana hakuna jalada lililokuwa na jina lake.

Alijaribu kufikiri ni hoja gani angeijenga. Hakupata yoyote. Pembeni yake alisikia Lukasi anapumua kwa mdomo.

"Mzee wangu," alisema afande. "Unashikilia?"

"Andika alivyosema," alisema Mzee Mansuri.

"Kwamba ulikuwa utani?"

"Ulikuwa utani. Watu wa ukoo wao ndivyo walivyo, hawana adabu."

Afande akaandika. Akamsogezea karatasi. Mzee Mansuri aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama alivyojifunza kwamba mtu asiweke sahihi kwenye asichokisoma, na akaweka sahihi yake kamili, majina matatu.

Lukasi aliinuka. Akavaa kofia.

"Nenda, mwizi," Mzee Mansuri alimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Umenipotezea siku yangu."

Yeye alibaki kwenye benchi. Goti lilikuwa limeanza kuuma upya. Alingoja mpaka alipokadiria kwamba mtani wake amekwisha kuvuka barabara na kupata bajaji, akangoja tena kiasi hicho hicho, ili yule wa dirishani asije akawaona wametoka pamoja.